Zizi la Mbao Tatu

Tuanze na uchovu, kwa sababu Lucia Masele alikuwa nao wa kutosha kugawia mtaa mzima. Watu wakisikia kwamba fulani ni msanii hupenda kuambiwa habari za kipaji, kilianzaje, nani alikigundua, na mambo kama hayo. Kipaji kipo, tutakifikia. Lakini aliyepita nyuma ya duka la vitenge la Mwanaiddi, pale Kashaulili, asubuhi yoyote ya mwaka ule, asingeona kipaji. Angeona mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, kilemba kimefungwa ovyo, ameinamia ubao mezani, anasukuma patasi ndogo, anapuliza vumbi, anasukuma tena. Na kama angesimama kidogo angemsikia akiguna kila baada ya muda, maana kiuno nacho kilikuwa kimeanza kudai haki yake.

Kazi yake ilikuwa kuchapa picha. Huchonga picha kwenye ubao, hupaka wino kwa rola, hulaza karatasi juu, husugua, hubandua, na picha inakuwa imehamia kwenye karatasi. Wenzake wa miji mikubwa wana mashine za kukandamiza. Lucia alikuwa na mwiko wa kupakulia wali, ambao mgongo wake ulikuwa umeng'aa kwa miaka ya kusuguliwa. Chapa moja ya ukubwa wa gazeti humla karibu saa nzima, viduara vidogovidogo, bila kuruka mahali. Akiruka, picha inatoka na mabaka. Akikandamiza mno, karatasi inachanika na saa nzima imekwenda na maji. Kuna watu mjini hapa husema wasanii wanakula bure. Hao wangepewa mwiko ule siku moja tu, tuwasikie jioni.

Na hizo picha hazikuwa ndizo zilizomlisha. Kilichomlisha kilikuwa fulana: fulana za bonanza, fulana za kipaimara, fulana za misiba zenye sura ya marehemu na tarehe zake. Zamani alichonga pia mihuri ya mpira ya ofisi za vijiji na vyama vya mazao, mpaka ikaja mjini mashine inayotoa muhuri kabla hujamaliza soda. Basi mchana ulikuwa wa fulana, na alfajiri, kabla Mwanaiddi hajafungua duka, ilikuwa ya mbao. Mwili ni ule ule mmoja.

Ufundi aliupata kwa masista. Alifika mjini akiwa na miaka ishirini na saba, ametoka kwenye ndoa iliyomshinda huko milimani Mwese, akapata kibarua cha kufagia karakana ambamo mtawa mmoja kutoka Burundi, Sista Emelyne, alichapa kadi za Krismasi na Pasaka. Sista alimwona anasimama na ufagio akimwangalia anavyochonga, akampa patasi. Somo la kwanza lilikuwa la kugeuka: chapa hugeuza kila kitu, cha kushoto hutoka kulia, kwa hiyo maneno yachongwe kinyumenyume. Lucia aliitikia ndiyo, ndiyo, kisha akachonga HERI YA PASAKA vizuri kabisa ubaoni, na kadi mia mbili zikatoka zisizosomeka ila kwenye kioo. Sista hakugomba. Alimpa kioo kidogo na kumwambia asichonge neno bila kulitazama humo. Tangu siku hiyo Lucia hakukosea herufi hata moja. Baadaye Sista akarudi kwao, karakana ikafungwa, na Lucia akabaki na patasi sita, na chumba cha kupanga nyuma ya duka la Mwanaiddi.

Mwaka ule Mwalimu Gideon, anayefundisha sanaa katika sekondari moja ya mjini, alipata wazo la kufanya maonyesho. Maonyesho ya siku tatu, ukumbi wa ushirika, wachoraji na wachongaji wote wa Katavi. Alikuja chumbani kwa Lucia akihema kwa furaha.

"Ule ukuta mkubwa wa mbele ni wako, mama," alisema. "Wote. Nyie mlioanza zamani ndo mnatakiwa kuonekana."

Lucia alimuuliza ukuta una urefu gani. Gideon akapiga hatua kuonyesha, akagonga mlango. Lucia alicheka, jambo ambalo hakulifanya sana, na akasema atafikiri. Lakini alikuwa ameshajua. Angeweka zizi la baba yake.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mzee Masele alihamia Kasokola kutoka Meatu na ng'ombe wake, wakati Lucia angali anabebwa mgongoni. Alikuwa na watoto wawili, Lucia na Machibya, na binti akiwa mmoja tu, mahari yaliyoingia zizini yalikuwa ya mmoja tu. Ng'ombe wa Lucia waliingia kwa shangwe. Miaka mitano baadaye Lucia alirudi kwa miguu kutoka Mwese, siku mbili njiani, uso umevimba, akaketi jikoni kwa mama yake. Baba yake alimwangalia mara moja. Asubuhi aliwatoa ng'ombe wa mahari wote, akawaongoza mwenyewe kuwarudisha. Na alipofika kwenye lango la zizi, Lucia aliyekuwa amejibanza nyuma ya jiko alimwona amesimama, ameshika mti wa lango, analia.

Hakuwahi kumwona baba yake analia kabla ya hapo, wala baada ya hapo. Zizi lilibaki na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Mzee hakumsema, hakumfukuza, hakulitaja jambo lile hata siku moja. Lucia ndiye aliyejihukumu. Alihamia mjini mwezi uleule, na kwa miaka kumi na tisa kila alipokwenda nyumbani na sukari yake na sabuni yake, aliketi mbele ya baba yake akitazama chini. Alijua kwamba yeye ndiye aliyelimaliza zizi. Mama yake alipofariki, hata mtu wa kumuuliza akakosekana.

Sasa zizi lilikuwa limejaa tena. Machibya alikuwa mfugaji hodari, mvua zilikuwa nzuri miaka kadhaa mfululizo, na jioni ng'ombe wakirudi vumbi linaonekana tangu barabarani. Hicho ndicho Lucia alichotaka kukichapa. Alitaka mzee aje mjini, asimame mbele ya ukuta, aone ng'ombe wake wa sasa, wazuri, wengi, wamechongwa na mkono wa bintiye. Alitaka aseme neno. Neno gani, hata yeye hakujua. Alijua tu kwamba asipolisikia safari hii hatalisikia tena, kwa kuwa mzee alikuwa amepita themanini na jicho moja lilikuwa limeshafunga.

Alinunua mbao tatu za mninga, za kupangwa ubavu kwa ubavu ziwe picha moja, kwa fundi wa mashine ya kupasulia magogo, akazipiga randa, akazibeba kwa bodaboda hadi Kasokola. Alichora palepale langoni, kwa mkaa, moja kwa moja juu ya ubao, ng'ombe wakitoka. Alimchora kila mmoja alivyo: mwenye pembe iliyopinda, mwenye nundu kubwa, ndama anayesukumwa, wote na sikio lao la kushoto lenye pengo. Mzee Masele alikuwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Mayu," aliita, maana ndivyo alivyomwita tangu mdogo, yaani mama kwa lugha ya kwao. "Hizo mbao ni za mlango?"

"Ni za picha, baba."

"Mninga mzuri," alisema mzee. "Ungetoa mlango mzuri."

Mazungumzo yakaishia hapo.

Kuchonga kulichukua miezi saba. Mninga ni mgumu, haukubembelezi. Alichonga alfajiri, akachapa fulana mchana, jioni mkono wa kushoto ukawa haushiki hata kikombe, akaanza kuufunga bandeji. Mwanaiddi, mwenye duka, alikuwa akimletea chai na kusimama mlangoni na kanga yake mabegani.

"Shoga, hao ng'ombe ungewanunua wazima ungemaliza mapema," alisema.

"Niache, Mwanaiddi."

"Nakuacha. Ila ukifa juu ya hiyo meza mimi nitawaambia nini watu? Kwamba ameuawa na ng'ombe wa mbao?"

Lucia alitabasamu bila kuinua kichwa. Ukweli ni kwamba kuna asubuhi alizochukia kuiona meza ile. Aliketi pembeni ya kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akiwaza kumpigia Gideon simu amwambie ampe ukuta mtu mwingine. Kisha anavaa kile kiatu cha pili na kwenda. Chini ya ubao wa katikati alichonga jina la picha, ZIZI LIMEJAA, kinyumenyume, kwa kioo, bila kosa.

Karatasi ilitoka Dar es Salaam kwa basi, ya kutosha chapa mbili. Ya kwanza iliharibika: upepo wa kiangazi uliingiza vumbi chini ya karatasi na ng'ombe watatu wakatoka na upele. Ya pili aliichapa huku dirisha limezibwa kwa kitenge cha Mwanaiddi, joto kama la tanuri, akisugua ubao mmoja kwa siku. Siku ya tatu aliibandua yote kwa taratibu, akaitazama. Wino ulikuwa umeshika kila mahali. Hakuna baka. Kwato, nundu, vumbi, miti ya zizi, vyote. Mchapaji akitazama chapa yake mpya hutazama wino kwanza, na wino ukiwa mzuri, macho yanapumzika. Lucia alipumzisha macho. Alilala saa kumi na mbili mfululizo.

Alhamisi waliitundika ukumbini. Gideon alikuwa juu ya ngazi na misumari mdomoni, Lucia chini akielekeza, na hapo ndipo Machibya alipoingia, ametoka kuuza ndama mnadani, kofia mkononi. Alikuja kusema kwamba mzee amekubali. Jumamosi atamleta kwa bajaji.

"Kasema mwenyewe," Machibya alieleza. "'Nataka kwenda kuona hiyo kazi ya Lucia.' Mimi sikumlazimisha."

Machibya akageuka kuutazama ukuta. Alitazama muda mrefu, halafu akasogea karibu, halafu akarudi nyuma. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini umewachora wale?"

"Wale gani? Si hawa wenu wa sasa. Nimewachora pale langoni, wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Angalia masikio."

Lucia akaangalia masikio. Katika zizi la Mzee Masele kulikuwa na desturi aliyokuja nayo kutoka kwa baba yake. Ng'ombe aliyezaliwa nyumbani hukatwa pengo kwenye sikio la kushoto. Aliyeingia kwa mahari hukatwa la kulia, ili siku ya kugawana, au siku ya kurudishiana, mtu asibishe. Tangu ng'ombe wa Lucia walipoondoka, hakuna sikio la kulia lililowahi kukatwa pale. Na ukutani, mbele ya macho yake, ng'ombe wote, tangu dume la mbele hadi ndama, walikuwa na pengo kwenye sikio la kulia.

Miaka kumi na tisa alikuwa akigeuza herufi. Wazo la kugeuza sikio halikumjia. Aliwachora kama alivyowaona, ubaoni walikuwa sawasawa, na kwa miezi saba alikuwa akiutazama ubao. Sasa karatasi ilikuwa imemtolea kundi lile lile alilolimaliza, na chini yake maandishi makubwa yanayosomeka bila shida, kwamba zizi limejaa.

"Mzee atadhani unamkumbusha," alisema Machibya. "Au unamcheka."

"Mtu mwingine hataona," alidakia Gideon kutoka juu ya ngazi, baada ya kuelezwa. "Nani ataangalia masikio?"

"Mwalimu," Machibya alimjibu kwa upole, "sisi ndicho tunachoangalia kwanza."

Machibya alipoondoka, Lucia alibaki ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi. Karatasi ilikuwa imekwisha. Dar es Salaam kwa basi, hata ikitumwa leo, ingefika Jumapili, na hata ingefika, kuziba masikio yote na kuyachonga upya kwa mkono ule usioshika kikombe haikuwa kazi ya siku mbili. Mwanaiddi alikuja kumwona, akasikiliza yote, akaikazia picha macho.

"Si uigeuze tu?" alisema. "Nyuma mbele. Karatasi yenyewe nyembamba."

Wakaishusha, wakaigeuza. Ng'ombe walionekana upande wa pili kwa mbali sana, wamefifia kama nguo iliyofuliwa na jiki. Na jina la picha likawa kinyumenyume. Mwanaiddi alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akamsaidia kuirudisha. Lucia akachukua brashi ndogo na wino, akaziba pengo la sikio la ng'ombe mmoja, yule wa mwisho kabisa nyuma. Likawa doa linalong'aa, linaloonekana tangu mlangoni. Akaacha.

"Basi iondoe," alisema Mwanaiddi. "Tundika zile za maua, zile za samaki. Mwambie mzee haikuwahi."

Lucia alifikiri. Angeweza. Lakini kutoa misumari, kuikunja, kuibeba, kutafuta za maua, kuzitundika, halafu kumdanganya baba yake usoni: alipojumlisha yote hayo aliona hana nguvu. Siyo ujasiri uliomfanya aiache pale. Tuseme ukweli. Ilikuwa ni kuchoka tu. Aliamua kwamba Jumamosi atasimama mlangoni tangu asubuhi, amdake mzee kabla hajaingia, amweleze kosa lake polepole, amwombe radhi, na kama mzee atataka kurudi nyumbani bila kuingia, basi arudi.

Jumamosi alisimama mlangoni tangu saa mbili, amevaa gauni jipya linalombana makwapani. Saa tatu ikapita. Saa nne watu wakaanza kumiminika, wanafunzi, walimu, wafanyabiashara wa sokoni, akina mama wa kwaya. Alikuwa ameshalipanga neno lake na kulirudia mpaka likapoteza ladha. Saa nne na nusu mgeni rasmi akafika, amechelewa kama inavyotakiwa, na Gideon akaja mbio kumshika Lucia mkono.

"Mama, unatambulishwa!"

"Gideon, namsubiri baba."

"Dakika mbili tu!"

Dakika mbili za mgeni rasmi kila mtu anazijua. Alizungumzia vipaji, akazungumzia vijana, akazungumzia fursa, akarudi kwenye vipaji. Lucia alisimama jukwaani pembezoni, anatabasamu kwa adabu, shingo imegeukia mlangoni. Hakujua kwamba upande wa nyuma ulikuwepo mlango mwingine, wa wazee na wasioweza ngazi, na kwamba kijana wa mapokezi mwenye adabu zake alimwona mzee mwenye fimbo akishuka kwenye bajaji, akampitisha huko. Makofi yalipopigwa na Lucia akateremka, alimwona Machibya peke yake karibu na meza ya soda. Machibya akamwonyesha kwa kidevu.

Mzee Masele alikuwa amesimama mbele ya ukuta mkubwa. Koti lake la harusi na misiba, kofia ameivua. Alikuwa amesogea karibu sana, kwa sababu ya lile jicho moja, na kidole chake kilikuwa kikitembea hewani kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine bila kugusa karatasi. Midomo ilikuwa inatembea. Lucia alipokaribia akasikia anachosema. Alikuwa anawaita majina. Majina ya wale waliorudishwa Mwese.

Lile neno alilolipanga lilitoweka lote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alijibu mzee bila kugeuka.

"Baba, nilitaka kukwambia kabla hujaingia. Hawa siyo wale. Ni hawa wenu wa sasa, niliwachora pale langoni, uliniona. Chapa inageuza. Ukichonga kushoto inatoka kulia." Alibandika kiganja juu ya kiganja kumwonyesha, akakitoa. "Nilisahau masikio. Nimekosa, baba. Sikutaka kukukumbusha."

"Machibya kanieleza njiani," alisema mzee. "Kanieleza mara mbili, kama mimi mtoto. Nimeelewa."

"Sasa mbona unawaita?"

"Siku nyingi sijawaona."

Lucia aliinamisha kichwa. Watu walikuwa wanapita nyuma yao na soda zao, wanapiga picha kwa simu. Aliona kwamba ama aseme sasa ama afe nalo.

"Najua kuondoka kwao kulikuuma," alisema. "Nilikuwa nyuma ya jiko la mama asubuhi ile. Nilikuona langoni."

Mzee aligeuka. "Uliniona?"

"Nilikuona unalia."

Mzee Masele alimtazama kwa jicho lake lile moja.

"Na miaka yote hii ulijua nalilia nini?"

"Ng'ombe," alisema Lucia.

"Ng'ombe?" Mzee alisema kwa hasira, kama aliyetukanwa, na watu wawili watatu wakageuka. "Mayu, ng'ombe si wanazaa? Wangapi wamezaliwa tangu hapo? Nililie ng'ombe, mimi?" Akanyoosha fimbo kuelekea ukutani. "Hawa walipoletwa nilicheka. Niliwakata masikio kwa mkono wangu, mmoja mmoja, na yule mtu amekaa pembeni anakunywa pombe yangu. Nikamwambia mama yako, tumepata mkwe. Halafu ukarudi na uso ule. Nilipowafungulia lango nikawaona wamenona, wanang'aa, na wewe umekonda. Nililia kwa sababu niliwapokea."

"Kwa nini hukuniambia?" alisema Lucia.

"Wewe uliondoka mwezi uleule," alisema mzee, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila ukija unakaa mbele yangu, hunitazami. Nikasema, bado ana hasira na mimi. Na ni haki yake."

Lucia aliketi sakafuni palepale, na gauni lake jipya, mbele ya mgeni rasmi na walimu na akina mama wa kwaya, akalia kwa sauti kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Gideon alitaka kukimbilia, Mwanaiddi akamshika shati. Mzee Masele alimtazama bintiye, akatazama huku na huku kutafuta kiti, hakukiona. Basi akaishika fimbo kwa mikono miwili na kujishusha taratibu, goti moja, kisha la pili, mpaka akaketi kando yake sakafuni. Walikaa hivyo muda mrefu, migongo yao kwenye ukuta, ng'ombe juu yao. Na ilipofika saa ya kufunga ukumbi hakuna kati yao aliyeweza kuinuka mwenyewe, ikabidi Machibya aitwe.